Chokaa kwenye Valvu ya Moyo Inasema Nini Kuhusu Kiharusi

Mtu wa miaka sabini anapopimwa eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, karatasi anayotoka nayo huwa na mistari mingi ya kawaida na mmoja wa kutisha: valvu ina chokaa. Pengine moyo wenyewe unasukuma damu vizuri, vyumba vyake havijapanuka, na daktari aliyempeleka alitaka tu kujua presha ya miaka mingi imeuchosha kiasi gani. Lakini karatasi ikifika nyumbani na mjukuu akaingia mtandaoni, jioni hiyohiyo ukoo mzima unajua kwamba babu ana jiwe moyoni na kwamba kiharusi kinamsubiri.

Hofu hiyo haikutoka hewani. Uhusiano kati ya chokaa ya valvu na kiharusi umepimwa, tena kwa uangalifu. Ila familia ikiuelewa vibaya inaanza kuhangaika na jiwe, wakati kinachoua kipo pembeni yake na kinatibika.

Moyo una valvu nne zenye kazi moja: kuipitisha damu mbele na kuizuia isirudi nyuma. Hufunguka na kufunga takriban mara 100,000 kwa siku. Chokaa hupenda zaidi zile mbili za upande wa kushoto, kwa kuwa huko ndiko msukumo wa damu ulipo mkubwa. Moja ni valvu ya aota, mahali damu inapotokea kwenda mwilini. Nyingine ni valvu ya mitrali, iliyo kati ya chumba cha juu na cha chini. Katika aota, chokaa hukaa kwenye vile vipande vyembamba vinavyofunguka na kufunga, na ikizidi huvikakamaza hadi damu inapita kwa shida. Katika mitrali, chokaa ya uzeeni haianzii kwenye vipande. Huanzia kwenye pete ya nyuzi inayovishikilia. Ndiyo maana mzee anaweza kuwa na pete iliyojaa chokaa na valvu yake ikaendelea kufanya kazi kama kawaida. Hasikii chochote. Chokaa hiyo hupatikana zaidi kwa wanawake, kwa wenye presha ya muda mrefu na kwa wenye figo dhaifu. Wagonjwa wanaosafishwa damu kwa mashine huipata mapema na kwa wingi.

Wengi huifikiria kama ukoko mweupe wa chini ya birika linalochemshia maji ya kisima: madini yametuama, basi. Ingekuwa hivyo, tungeizuia kwa kupunguza madini kwenye chakula. Valvu ni tishu hai, na seli zake zikichokozwa kwa miaka na presha, mafuta mabaya na sumu ambazo figo zimeshindwa kuziondoa, hubadili tabia. Zinaanza kutengeneza protini za mfupa na kupanga kalsiamu na fosfati kama mfupa unavyopangwa. Katika baadhi ya valvu zilizotolewa kwa upasuaji, wataalamu wa patholojia wamekuta mfupa kamili, hata wenye uboho ndani.

Kwa hiyo mgonjwa akiniuliza, “Daktari, basi niache maziwa na dagaa?” jibu langu ni fupi: “Hapana, mzee wangu, kula dagaa wako.” Vidonge vya kalsiamu ni habari nyingine. Asivinunue dukani kwa hiari yake. Avitumie kama daktari ameona sababu.

Ushahidi mashuhuri zaidi kuhusu chokaa na kiharusi unatoka Framingham, mji wa Massachusetts nchini Marekani, ambako tangu mwaka 1948 watafiti wamekuwa wakiwafuatilia wakazi kizazi baada ya kizazi. Mwaka 1992, Emelia Benjamin na wenzake walichapisha matokeo ya wazee 1,159 waliopimwa eko na kisha kufuatiliwa kwa miaka 8. Wazee 999 hawakuwa na chokaa kwenye pete ya mitrali, na 51 kati yao walipata kiharusi: 5.1 kwa kila 100. Wenye chokaa walikuwa 160, na waliopata kiharusi ni 22, karibu 14 kwa kila 100. Chokaa huwapata zaidi walio wazee zaidi na wagonjwa zaidi, kwa hiyo tofauti hiyo ghafi haitoshi. Watafiti wakaweka kwenye hesabu umri, presha, kisukari, sigara, mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio na magonjwa mengine ya moyo. Hatari ilishuka lakini haikwisha: wenye chokaa walibaki na hatari kama mara mbili ya wenzao. Tena ilipanda kulingana na unene, kwa takriban asilimia 24 kwa kila milimita ya chokaa.

Tarakimu hizi husomwa vibaya na pande zote mbili. Mwenye hofu anaona “mara mbili” na kuandika wosia. Anasahau kwamba wazee 138 kati ya wale 160 wenye chokaa walimaliza miaka 8 bila kiharusi. Daktari mwenye haraka naye anaandika “mabadiliko ya uzee” na kumrudisha mgonjwa nyumbani, na ananiudhi zaidi kuliko huyo wa kwanza. Hatari iliyobaki hata baada ya umri kuondolewa kwenye hesabu si uzee mtupu. Karatasi ile imempa habari ambayo kipimo cha presha peke yake kisingempa, naye ameikunja.

Jambo la pili ni kwamba chokaa zote hazisemi jambo moja. Mwaka 2005, watafiti waliokuwa wakizifuatilia jamii za Wahindi Wekundu wa Marekani walikuta chokaa ya pete ya mitrali ikitabiri kiharusi kwa watu ambao hawakuwa na ugonjwa wa moyo unaojulikana, huku ugumu wa valvu ya aota usiofikia kuziba njia ukishindwa kutabiri. Si kwamba valvu ya aota haina neno. Mwaka 1999 Catherine Otto na wenzake walionyesha, kwa watu 5,621 wenye umri wa miaka 65 na zaidi, kwamba ugumu huo huo unaambatana na ongezeko la karibu asilimia 50 la vifo vya moyo na mishipa. Ila kwa kiharusi hasa, pete ya mitrali ndiyo inayosema waziwazi zaidi.

Chokaa iliyokaa kifuani inafikaje kuharibu ubongo? Njia ya kwanza ndiyo inayomjia kila mtu akilini: kipande kimemeguka, kikabebwa na damu, kikaziba mshipa. Hutokea. Daktari wa macho anaweza kukiona kipande cha namna hiyo, cheupe, kimekwama kwenye mshipa mdogo nyuma ya jicho, na picha ya CT ya kichwa huweza kukionyesha kikiwa cheupe kuliko damu iliyoganda. Dawa ya kuyeyusha damu haiyeyushi jiwe. Lakini viharusi vya aina hii ni vichache.

Uchache huo umepata ushahidi wa ajabu kutoka kwenye tiba ya valvu ya aota. Tangu Alain Cribier alipoweka valvu ya kwanza kwa njia ya mshipa huko Rouen, Ufaransa, mwezi Aprili 2002, wagonjwa wengi duniani wamebadilishiwa valvu bila kupasuliwa kifua. Valvu mpya hutanuliwa ndani ya ile ya zamani, na chokaa inasagika. Kukabuniwa vichujio vidogo vya kuwekwa kwenye mishipa iendayo ubongoni wakati wa kazi hiyo, na katika utafiti mmoja uliochapishwa 2017, vichujio vya wagonjwa 99 kati ya kila 100 vilikutwa na uchafu: vipande vya valvu, vya kuta za mishipa, vya damu iliyoganda, vya chokaa. Ungetarajia vichujio viviangushe viharusi. Mwaka 2022 wagonjwa 3,000 waligawanywa kwa kura, nusu kwa kichujio na nusu bila. Waliopata kiharusi walikuwa asilimia 2.3 na asilimia 2.9, tofauti ambayo bahati peke yake inaweza kuileta. Utafiti mkubwa zaidi wa Uingereza, wa watu zaidi ya 7,000, ulipotoka mwaka 2025 ulikuta 2.1 dhidi ya 2.2.

Ikiwa chokaa inayosagwa kwa nguvu namna hiyo, na kuonekana ikisafiri karibu kwa kila mgonjwa, inaleta kiharusi kwa watu wawili au watatu tu kati ya 100, na kuinasa hakubadilishi hesabu sana, basi chokaa iliyotulia kwenye pete kwa miaka ishirini haiwezi kubebeshwa lawama yote ya Framingham. Hapo ninatoa hoja yangu kutoka hali moja kwenda nyingine, na mtaalamu mwenzangu ana haki ya kunipinga. Lakini naamini inaelekea kwenye ukweli.

Njia nyingine ni damu kuganda juu ya sehemu iliyokwaruzika. Nayo ipo, nayo ni nadra.

Nzito zaidi ni hizi mbili zinazofuata. Pete ya mitrali imepakana na chumba cha juu cha kushoto, na chumba hicho kikisukumwa na presha kwa miaka mingi hupanuka, umeme wake ukavurugika, na moyo ukaanza kupiga bila mpangilio wowote. Kitaalamu huitwa mtetemo wa atria. Chumba hakijikunji tena, kinatetemeka. Damu inazubaa kwenye pembe zake na kuganda. Watafiti wa Framingham haohao walionyesha kwamba hali hii huongeza hatari ya kiharusi karibu mara tano. Tena huja na kuondoka. Mgonjwa aliyepimwa umeme wa moyo Jumatatu akaonekana salama anaweza kuwa nayo Alhamisi usiku amelala, na jedwali la watafiti likamhesabu kama asiye nayo. Naona sehemu ya ile “mara mbili” iliyobaki imejificha hapo.

Ya mwisho ni mishipa yenyewe. Kilichoijaza valvu chokaa kimepita pia kwenye mishipa ya shingo, kwenye aota na kwenye vijishipa vyembamba vya ndani ya ubongo. Valvu imeonekana kwanza kwa sababu ndiyo tuliyoielekezea mashine. Kwa mgonjwa wa namna hii chokaa ni shahidi: alikuwepo, aliona presha ilivyofanya, na anaweza kukueleza ni wapi pengine pa kuangalia. Kumfunga shahidi hakuzuii kosa linalofuata.

Majaribio ya dawa yanakubaliana na mtazamo huo. Chokaa ya aota ilipoonekana kufanana na ugonjwa wa mafuta kwenye mishipa, matumaini yalielekezwa kwa statini, dawa za kupunguza mafuta mabaya kwenye damu. Utafiti wa Uskochi ulioitwa SALTIRE, wa mwaka 2005, na ule mkubwa wa SEAS wa mwaka 2008, zote mbili hazikukuta dawa hizo zikipunguza kasi ya valvu kukaza. Hadi leo hakuna kidonge kilichothibitishwa kuiondoa chokaa, na anayekuuzia dawa ya mitishamba ya “kusafisha valvu” anauza maneno. Statini bado zina kazi kubwa kwa mwenye mafuta mabaya au mwenye mishipa iliyoharibika. Kazi yenyewe ni kuilinda mishipa. Vilevile, chokaa peke yake, bila mapigo yaliyovurugika na bila sababu nyingine, haitoshi kumpa mtu dawa ya kuzuia damu kuganda. Dawa hiyo inaweza kumletea kutokwa damu kichwani kwa faida ambayo hakuna aliyeionyesha.

Presha ndiyo ninayotaka itoke mdomoni kwa daktari kabla ya neno lingine. Kwa Tanzania tuna takwimu zinazouma. Utafiti uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, na sehemu ya Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006, uliohesabu viharusi vilivyotokea kwa watu wanaoishi maeneo hayo na sio waliofika hospitali tu, ulikuta kiharusi kipya kwa watu 109 hivi katika kila 100,000 kwa mwaka huko Hai, na 316 hivi Dar es Salaam, baada ya tofauti za umri kusawazishwa. Mjini ilikuwa karibu mara tatu ya kijijini, na kiwango hicho cha Dar kilikuwa juu ya kile cha nchi nyingi tajiri. Wengi wa hao hawakuwahi kupimwa eko. Hawakuihitaji ili kujua walichokuwa nacho. Walihitaji mpira wa presha mkononi na vidonge visivyokatika kila mwisho wa mwezi.

Kuna jambo ambalo vitabu vya Ulaya na Marekani hulipita haraka, nasi hatuwezi. Afrika Mashariki, neno “chokaa kwenye valvu ya mitrali” lina maana mbili, na kuzichanganya ni hatari. Mama wa miaka 75 mwenye pete yenye chokaa ni habari ile niliyoieleza. Dada wa miaka 32 ambaye vipande vya mitrali vimeshikana, vikanenepa, kisha vikaingia chokaa juu ya makovu, ana ugonjwa mwingine kabisa. Wake ulianza utotoni kwa koo kuuma, maambukizi ya bakteria aina ya streptokoka ambayo hayakutibiwa. Mwili ukapigana na bakteria na ukaishambulia valvu yake wenyewe. Hii ni homa ya rumatiki na ugonjwa wa moyo unaoifuata. Wengi hugunduliwa wakiwa wajawazito, pale damu inapoongezeka na valvu iliyobana ikashindwa kuipitisha.

Kwa dada huyu chokaa si shahidi tu. Njia imebana, chumba cha juu kimejaa na kupanuka, na moyo ukianza kutetemeka damu huganda kwa urahisi mno. Hatari yake ya kiharusi si ya mbali hata kidogo. Anahitaji dawa ya kuzuia damu kuganda, na aina ya dawa ina maana. Dawa mpya za kundi hilo ni rahisi kutumia, hazihitaji kupima damu mara kwa mara, na zilitarajiwa kuiondoa warfarini ya zamani. Ndipo INVICTUS, utafiti wa wagonjwa wa rumatiki zaidi ya 4,500 katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, ukatangaza matokeo mwaka 2022: waliotumia warfarini walikufa wachache kuliko waliotumia rivaroksabani, mojawapo ya hizo dawa mpya, na hawakutokwa damu zaidi. Wengi wetu hatukulitarajia. Lingejaribiwa kwa wazee wa Ulaya pekee, wagonjwa wetu wangebadilishiwa dawa kwa imani.

Warfarini ina adha zake. Damu lazima ipimwe kiwango cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani, kwa kawaida kibaki kati ya 2 na 3, na kwa anayeishi mbali na hospitali ya mkoa kila kipimo ni nauli na siku ya kazi iliyopotea. Mboga za majani zina vitamini K, ambayo dawa hii inapambana nayo, na matokeo yake wagonjwa huambiwa waache mchicha, matembele na kisamvu, yaani waache mboga ya kila siku. Si lazima. Wale kiasi kinacholingana wiki hadi wiki, na kipimo cha dawa kiwekwe kulingana na mlo wao. Kinachovuruga ni kula fungu zima leo na kukaa wiki tatu bila jani. Na kuna kejeli ndogo hapa: protini inayokinga mishipa isiingie chokaa nayo inategemea vitamini K. Mwaka 1997 panya waliozaliwa bila protini hiyo walikufa ndani ya miezi miwili, mishipa yao ikiwa imejaa chokaa. Kwa hiyo warfarini, huku ikizuia damu kuganda, inaweza kuwa inaisaidia chokaa kujijenga. Kwa mwenye valvu iliyobana hilo si sababu ya kuiacha. Bonge la damu litamfikia kabla ya chokaa.

Upande wa kinga, kazi nzuri imefanyika jirani. Huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, Andrea Beaton, Emmy Okello na wenzao waliwapima watoto zaidi ya 100,000 kwa eko, na 818 kati ya waliokutwa na dalili za mwanzo kabisa za valvu kuathirika bila wenyewe kujua wakaingizwa kwenye jaribio. Nusu walichomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne. Baada ya miaka miwili ugonjwa ulikuwa umesonga mbele kwa asilimia 0.8 ya waliochomwa, na asilimia 8.2 ya wasiochomwa. Penisilini hiyo ni dawa ya zamani na ya bei ndogo. Nikilinganisha na gharama ya kumfungua kifua mtu mmoja, nashangaa bado tunasubiri nini mashuleni.

Turudi kwa babu na karatasi yake. Akija kwangu, chokaa naitazama mara moja tu, kuhakikisha haijabana valvu. Ikiwa valvu ya aota imebana sana na anaishiwa pumzi au anazimia, hiyo ni safari ya kubadilisha valvu. Kama haijabana, naiweka karatasi pembeni. Nampima presha mikono yote miwili. Naagiza damu kwa ajili ya figo, sukari na mafuta. Kisha nashika kifundo cha mkono wake na kuhesabu mapigo dakika nzima, na hilo namfundisha bibi nyumbani alifanye: vidole viwili chini ya dole gumba la mumewe, asubuhi, ametulia. Pigo linaloruka mara moja kisha likarudi kwenye mwendo wake si neno. Mapigo yasiyo na mwendo wowote, moja hapa, mawili kwa haraka, kimya, moja tena, yanataka kipimo cha umeme wa moyo siku hiyohiyo ikiwezekana, na kama hakionyeshi kitu, mashine ya kuvaa saa 24 au zaidi pale inapopatikana.

Wa nyumbani wajue pia kiharusi kikoje kikija: uso umelala upande mmoja, mkono umelegea, maneno hayaeleweki. Hapo ni gari na hospitali yenye CT, na mtu mmoja akumbuke saa ilipoanza, kwa kuwa dawa ya kuyeyusha damu hutolewa ndani ya saa nne na nusu. Asipewe aspirini njiani, maana viharusi vingi vya presha hapa kwetu ni vya mshipa kupasuka, na bila picha hakuna anayeweza kuvitofautisha kwa macho. Kama mgonjwa anatumia warfarini, hilo liwe neno la kwanza mapokezini, na kijitabu chake cha INR kipelekwe pamoja naye.